Nusu ya Maneno ya Muuguzi

Dharau ni dhambi, najua. Katekista aliyetufundisha hivyo hakuwa mtu wa kudanganya watoto. Lakini kila nikijaribu kuandika habari za kilio cha shemeji yangu bila dharau, kalamu inakataa. Basi nitaiacha ikae mahali pake, ila nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata baba mkubwa wa watoto wa dada yangu, ambaye haki yake ni ndogo na inataka kutafutwa kwa tochi.

Mimi shule sikuifikisha mbali. Niliacha sekondari mwaka wa pili, nikajifunza kushona, na cherehani yangu iko Kimanga, hapa Uvira, mpaka leo. Nikisema jambo, mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kulitilia shaka. Kwa hiyo anayesoma hapa ajue: ninachoandika ni nilichokiona na kukisikia, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mume wa dada yangu mkubwa, yaya kama tusemavyo kwetu, alikuwa mbeba mizigo bandarini Kalundu. Aliugua ini muda mrefu, akafia hospitalini, mwili ukabaki mochwari kungoja mazishi. Kilio kilifanyika nyumbani kwao, Songo. Watu walifunga turubai uani, bache kama tunavyoiita sisi, wakasimamisha matawi ya mchikichi kando ya barabara ili wapita njia wajue kuna msiba, na kabla machozi hayajakauka ikaundwa komite ya kilio. Sisi Uvira hatuwezi kufa bila komite. Kulikuwa na prezida, naye ni huyo baba mkubwa, kaka wa marehemu. Kulikuwa na katibu. Kulikuwa na wa viti, na wa chai, na wawili wa usalama, ambao usalama wao wote ulikuwa kusimama karibu na sufuria ya maharagwe. Kwa haki: viti vilifika. Chai ilikuwa na sukari. Na gari la kubebea jeneza alilitafuta prezida mwenyewe, kwa miguu, mchana wa jua.

Dada alikaa sebuleni, juu ya godoro lililowekwa chini, miguu ameinyoosha, kitenge amefunga kiunoni na kingine kichwani. Wanawake tulimzunguka. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, isipokuwa kwenda chooni, na huko alikwenda akishikwa na watu wawili. Mlangoni alikaa wifi yake mkubwa, akilinda. Kwa ukoo wa shemeji, mjane hatoki mpaka mwili wa mume uingie nyumbani, ulale kidogo, uagwe, utoke. Akitoka kabla, husemwa amekimbia macho ya mumewe, na mwenye kukimbia macho ya maiti ana lake analolijua.

Desturi hiyo siidharau yote. Nimeona mwanamke aliyefiwa akiachwa peke yake akaelekea ziwani, na kama wifi zake hawangemkimbilia angeingia majini na nguo zake. Kumkalisha mtu katikati ya watu ni akili. Ninachodharau ni wale wanaoishika desturi kama mtu anavyoshika mlango wa choo, ili tu mwingine asipite.

Asubuhi ya mazishi dada alilalamika moyo unamwenda mbio. Alikuwa amelia usiku kucha, hajala, hajalala. Bahati nzuri alikuwepo binamu wa marehemu, muuguzi wa kituo kimoja cha afya upande wa Kavimvira, aliyepita kutoa pole kabla ya kwenda kazini. Alichuchumaa, akamshika kifundo cha mkono, akamtazama macho, akamuuliza kama kifua kinauma. Hakikuuma. Akampa maji, akamwambia avute pumzi polepole. Baada ya muda moyo ulitulia. Hata mimi nilishika nikasikia umerudi kwenye mwendo wake.

Ndipo muuguzi akasema, na sote tulikuwa pale:

“Hii iko huzuni, na njaa, na kukosa usingizi. Anywe, akule kidogo, alale. Lakini musikie: kama inaanza tena kukimbia na inakataa kutulia, ao kifua kinauma, ao pumzi inakatika, ao anataka kuanguka, musiningojee. Musingojee mutu yeyote. Hospitali, mara moja.”

Akapanda pikipiki, akaenda zake.

Maneno yale yalitoka sebuleni kwa mlango, na mlangoni yakakatika kama mkate. Nusu ya kwanza ilikwenda kuzunguka uani. Nusu ya pili nafikiri ilibaki chini ya godoro. Kwenye meko walisema, “Muganga amesema iko huzuni.” Kwenye viti vya wanawake, “Muganga amemupima, iko huzuni tu.” Ilipofika kwa wanaume chini ya turubai ilikuwa imeshakuwa, “Muganga amepima kila kitu, hakuna kitu.” Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alipunguza neno moja tu, la kumpumzisha yeye mwenyewe.

Kabla ya adhuhuri dada alikuwa ametulia kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu baadaye walisema alikuwa analia. Hakuwa analia. Mama mmoja wa Kalundu alikuwa anasimulia jinsi marehemu alivyowahi kubeba mzigo akauacha kwenye mtumbwi usio wake, mtumbwi ukaondoka kwenda Baraka na mzigo wa watu, na dada akatabasamu. Katikati ya tabasamu lile akanishika mkono kwa nguvu.

“Imeanza,” akasema.

Nilimwekea kiganja kifuani. Asiyewahi kushika ndagala hai, wale dagaa wa ziwani, sijui nimwelezeje. Wanapomwagwa kwenye karai, wote wanarukaruka kwa pamoja, huwezi kusema huyu karuka na yule katua. Moyo wake ulikuwa hivyo chini ya mkono wangu. Nilijaribu kuhesabu mapigo nikashindwa. Nikajishika mimi mwenyewe, maana na mimi nilikuwa nimefiwa na nimeogopa: wangu ulikuwa unaenda haraka, lakini pigo na pigo, unaweza kuufuata. Wa kwake haukufuatika.

Tulimpa maji. Tukamwambia avute pumzi polepole, kama asubuhi. Tukangoja. Asubuhi ulitulia, sasa haukutulia.

Kila mwanamke alileta dawa yake. Mmoja alikimbia na kitunguu akamnusisha. Mwingine akakoroga maji ya sukari. Wa tatu akasema kitenge kimembana, na kwa haki kilikuwa kimembana, tukakilegeza, moyo haukujali. Mama wa kundi la sala akaanzisha wimbo, na kwa kuwa ana sauti nzuri, wote wakaitikia, na katikati ya wimbo huo mtamu dada alikuwa anasema kitu, hakuna anayemsikia. Niliinama sikio likagusa mdomo wake.

“Kifua,” akasema. Akapumua. “Ni kama mutu.” Akapumua tena. “Ananikalia juu.”

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na nilipolipangusa lilikuwa baridi, na jua la Uvira lilikuwa pale nje linachoma mabati. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu.

Nilitoka kwenda kwa prezida. Alikuwa amekaa kichwani pa meza, simu mbili mbele yake, anangoja habari ya mochwari. Gari la jeneza, pikapu, lilikuwa tayari limesimama kwenye mlango wa ua, matawi ya mchikichi yamefungwa mbele na ubavuni. Dereva alikuwa amelala, miguu imetoka dirishani.

“Shemeji,” nikasema, “yaya yangu iko mubaya. Tumupeleke hospitali.”

“Muganga si alishasema? Iko huzuni.”

“Alisema na mengine.”

“Mengine gani?”

Hapo ndipo ugonjwa wangu wa kujitilia shaka uliponishika. Nilifungua mdomo nikaanza kujiuliza: muuguzi alisema “ao” au alisema “na”? Kimoja kinatosha, au lazima viwe vyote? Alisema hospitali, au alisema kituo cha afya? Nikasema tu kama nilivyokumbuka: moyo ukikataa kutulia, kifua kikiuma, pumzi ikikatika, tusingoje mtu.

“Weye ulisomea wapi udaktari?” akauliza. “Mu ile cherehani?”

Meza ilicheka. Wa viti alicheka mpaka akapiga goti. Katibu alicheka pia, ila alifunika mdomo, na hilo nimemwandikia upande wake mzuri.

“Minye siko daktari,” nikasema. “Lakini niko na mukono, na nimemugusa. Njo umuguse na weye.”

“Minye nimuguse mujane wa ndugu yangu kifuani?”

Wakacheka tena. Nakiri swali lake lilikuwa na maana. Nilimwambia ashike basi mkono wake, au amtazame tu uso. Hakuinuka. Nilimpigia muuguzi simu, haikupita. Nikapiga tena, haikupita.

“Sikia, shemeji,” prezida akasema, sasa kwa sauti ya upole, ile sauti ya kumweleza mtoto. “Mwili unakuja hii saa. Mujane haachi maiti. Akitoka sasa, watu watasema nini?”

“Na akifia ndani, watasema nini?”

Kicheko kilikatika. Wa chai akaniambia nisilete mkosi kwenye kilio, kana kwamba kilio ni arusi na mimi nimekuja kukiharibu.

Wakati huo sebuleni walipiga kelele, na hazikuwa za kuomboleza. Nilirudi mbio. Dada alikuwa amelala ubavu, macho yamegeuka juu. Nilimwita. Fahamu zilimrudia, akanitazama, akaniita kwa jina la mama yetu, ambaye tulimzika zamani.

Sasa wakaamini. Hilo lazima niliseme: walipoona amezimia, wote waliamini, mpaka prezida. Aliinuka mwenyewe, akaja mlangoni, akasema, “Hospitali!” kwa sauti kubwa, kama yeye ndiye aliyevumbua hospitali. Ningeweza kumsamehe yote kama mambo yangeishia hapo.

Lakini ilikuwa ni komite, na komite lazima ijadili.

Swali la kwanza: atolewe kwa mlango gani? Mlango wa mbele umewekwa kwa maiti. Wa usalama mmoja akasema basi wa nyuma. Wa nyuma una ngazi mbovu, akajibu mwenzake. Swali la pili: akibebwa, atangulize kichwa au miguu? Mtu hai hatolewi miguu mbele, miguu mbele ni ya marehemu. Katibu akasema inategemea kabila. Swali la tatu: gari. Dereva, aliyeamshwa, alikataa.

“Gari hii mulisema ya maiti. Mutu muzima akitangulia mu gari ya maiti, ni kusema nini? Minye niko na watoto.”

“Tutoe kwanza majani,” akashauri wa viti.

Na walianza kuyatoa. Naapa waliyatoa. Wanaume wanne watu wazima, wenye ndevu, wanafungua kamba za matawi moja moja, na yule wa usalama anaikunja kamba vizuri mkononi isipotee, kwa sababu baadaye watayafunga tena. Nilisimama nikiwatazama na nikahisi dharau inanipanda kama kiungulia. Mwingine akapendekeza pikipiki: akae katikati, dereva mbele, mtu nyuma yake amshike. Nikamwambia mtu anayezimia hakai kwenye pikipiki, anaanguka nayo. Akasema, “Tunamubebaka hivyo kila siku.” Ni kweli, tunawabeba hivyo kila siku, kwa kukosa. Lakini gari lilikuwa pale mbele yetu, tena na mafuta ndani.

Aliyekata mjadala hakuwa mimi, ingawa ningependa kuandika hivyo. Ni wifi yake dada, dada mkubwa wa marehemu, yule aliyekaa tangu jana mlangoni kulinda mjane asitoke. Mwanamke mkali, hanipendi, nami sijawahi kumpenda. Aliinama akashika pembe ya godoro.

“Munaangalia nini?” akatuambia wanawake. “Mushike!”

Tukashika. Tulimtoa juu ya godoro lake, kwa mlango wa mbele, mbele ya wote. Kichwa kilitangulia, lakini ni kwa sababu godoro lilikuwa limelala hivyo. Kama lingelala vingine, angetoka miguu mbele na jua lisingeanguka. Tulipofika kwenye pikapu wifi alimwambia dereva, “Endesha, ama shuka niendeshe minye,” na yeye hajui kuendesha hata baiskeli. Dereva aliendesha.

Upande mmoja wa gari ulikuwa bado na matawi. Barabara ilikuwa mashimo na matope yaliyoachwa na mafuriko, na mimi nimekaa nyuma, kichwa cha dada mapajani, mgongo wake nimeuinua kwa sababu akilala chali alisema anazama. Watu kando ya njia wakaona matawi, wakasimama. Wanaume walivua kofia. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Dada alifungua jicho.

“Wananisalimia?” akauliza.

“Nyamaza, yaya,” nikamwambia. “Chunga pumzi yako.”

Hospitalini hawakuuliza ukoo wala kabila. Walimwona rangi, wakamwingiza, wakamfungia nyaya kifuani, wakamwekea hewa puani, na mashine ikaanza kuchora mistari iliyosongamana kama mshono wa fundi mwenye haraka. Waliniambia nitoke. Nilitoka nikasimama ukutani. Nilisali, na sikusali vizuri, kwa maana katikati ya sala nilikuwa nagombana na wa viti.

Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alinifuata baadaye. Moyo ulikuwa umepoteza mwendo wake, akasema, wakampa dawa kwenye mshipa, sasa unarudi. Atalazwa, watatafuta chanzo.

“Ilianza lini?” akauliza. Nikamwambia. Uso wake ukabadilika.

“Na mulikuwa munangoja nini?”

Nilimweleza: muuguzi alisema iko huzuni, na, kwa haki ya muuguzi, alisema na mengine. Daktari alisikiliza yote mpaka mwisho, jambo ambalo siku hiyo lilikuwa geni kwangu.

“Huyo muuguzi alisema muzuri,” akasema. “Mutu akilia, akiogopa, akipanda mulima, roho inakimbia. Akikaa inarudi. Hiyo haitupi wasiwasi. Ila inayoanza gafla mutu amekaa, haitulii, na kifua kinabana, na pumzi ni fupi, na jasho baridi, na anazimia: hata kimoja cha hivyo kikiungana na hiyo mbio, hamungoji. Musianze kutafuta sababu. Sababu tutatafuta sisi. Kazi yenu ni kumuleta.”

Nimeyaandika kama nilivyoyashika. Kama nimekosea neno, kosa ni langu, siyo lake.

Shemeji alizikwa siku ile ile. Gari lilirudi, matawi yakafungwa tena, mwili ukapita nyumbani, ukaenda. Kwa haki, mvua ilikuwa inatishia juu ya milima, na mochwari walikuwa wanahimiza. Jioni dada aliniuliza, “Wamemuzika?” Nikasema ndiyo. Aligeukia ukuta. Hakulia, au alilia kimya, sikuweza kujua. Sijui hata leo kama upande mmoja wa moyo wake haunilaumu. Simuulizi.

Alipotoka hospitalini walikuwa wanamngoja waondoe kilio, yaani wahitimishe matanga. Ukoo ulikaa chini ya turubai, na prezida akasimama, akasafisha koo. Alisifu kazi ya komite. Alisema jinsi alivyotoa gari mara moja, bila kusita, kuokoa mjane wa ndugu yake. Kisha akasema, kwa masikitiko, kwamba hata hivyo desturi ni desturi, mjane aliacha maiti, na wazee wameonelea atoe mbuzi mmoja wa kusafisha nyumba.

Niliinuka nusu. Wifi akanivuta sketi nikakaa.

Dada hakuinuka, maana daktari alimkataza kuchoka. Alizungumza akiwa ameketi, polepole, akipumzika katikati ya maneno.

“Baba mukubwa, asante kwa gari,” akasema. “Mbuzi, sitoi. Mungeniacha pale ndani, leo mungekuwa munakula bugali ya kilio changu, chini ya bache hii hii, na nyama mungeitafuta wenyewe.”

Halafu wifi, yule mwanamke mkali, akacheka, kicheko kimoja kikubwa cha puani, na wanawake wakamfuata. Katibu akajifunika mdomo. Prezida akatazama huku na huku akitafuta wa usalama wake. Wote wawili walikuwa kwenye sufuria.

Wakahamia jambo lingine kwenye ajenda, la kurudisha viti. Dada akaomba maji, akameza kidonge chake, akanipa mkono nimwinue. Tukaingia ndani. Aliniambia nimwekee mito miwili, kwa sababu bado hapendi kulala chali, na kabla sijaiweka vizuri alikuwa ameshashikwa na usingizi. Nilimshika kifundo cha mkono. Pigo, na pigo. Nilikaa hapo nikihesabu, nikikosea, nikianza tena.